Siumwi, sasa nikapime nini?

Hilo ndo jibu nalopewa kila nikiwagusia kina dada wa kikoba chetu habari za kupima saratani ya shingo ya kizazi. Jamani, ukisubiri mpaka uumwe ujue umeshachelewa! Huu ugonjwa hauna haraka. Kirusi chake, HPV, kinapita kwenye ngono na karibu kila mtu anakutana nacho wakati fulani, wengi mwili unakitoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja miwili wala hujui kama kilipita, ila kwa wachache kinang'ang'ania, aina ya 16 na 18 ndo sugu zaidi, chembe hai za shingo ya kizazi zinabadilika taratibu miaka 10, 15 hata 20 ndo inakuja kuwa kansa, na muda wote huo we unadunda tu.

Juzi nilimsindikiza wifi. Nesi kaingiza spekula, kile kifaa cha kupanua uke (ubaridi wake ndo unashtua), kapaka siki pale kwenye shingo, kasubiri kama dakika moja hivi, kamulika na taa. Penye shida panageuka peupe. Wifi na mdomo wake kauliza kitandani pale pale, "ni hii hii ya kachumbari?" nesi kacheka kasema ndugu moja, ila hii imepimwa nguvu yake. Na hata wakiona weupe sio lazima iwe kansa, mara nyingi ni dalili za awali tu, wanapagandisha kwa baridi au wanapaunguza kwa joto, pengine siku hiyo hiyo, unarudi kwako.

Kuanzia miaka 30 nenda, na mwenye VVU aanze 25 na arudi mapema zaidi ya wengine, maana hatari kwake ni kama mara sita. Damu baada ya tendo, au umeshakoma hedhi halafu unaona damu tena, hiyo usiizungushe duka la dawa kwa vidonge vya fangasi.

Wasichana wana chanjo, hapa Tanzania ilianza nchi nzima 2018 na tangu 2024 ni dozi moja tu, miaka 9 mpaka 14. Zile voisi za WhatsApp eti inaua kizazi sijui nani anazirekodi, wakati kansa yenyewe ndo inawafanya watu watolewe kizazi. Ila hata aliyechanjwa akikua apime, haizuii aina zote.

Wifi katoka safi. Kimbembe mama mkwe, yeye eti hedhi ilishakoma na mume hana, hayamhusu. Nesi alisema kwa umri ule siki haionyeshi vizuri, bora kipimo cha HPV chenyewe, na kirusi kinaweza kuwa kiliingia enzi za ujana. Sasa hayo ya ujana mi mkwe naanzaje kumwambia, nimemwachia mwanae.