Nilivyopima namna udongo unavyoshika na kuachia dawa ya wadudu

Nilianza kazi hii nikiamini swali ni moja tu: udongo upi unashika zaidi dawa ya kuua wadudu? Nilikuwa na udongo wa aina tatu: kichanga, mfinyanzi, na udongo mweusi wenye mboji nyingi. Dawa zilikuwa mbili zenye tabia zinazopingana. Imidakloprid huyeyuka vizuri, takriban miligramu 600 katika lita moja ya maji. Klorpirifosi huyakimbia maji. Lita nzima haiyeyushi hata miligramu 2. Nilizichagua makusudi, kwa sababu dawa inayopenda maji huyafuata hadi chini ardhini, na inayoyakimbia hung'ang'ania mboji, ikasafiri pale udongo unapomomonyoka.

Njia yenyewe haina maneno mengi. Unakausha udongo kwa hewa, unauchekecha kwa chekeche la milimita 2, unautia kwenye tyubu pamoja na maji yenye dawa, unatikisa hadi dawa isawazike kati ya udongo na maji, unazungusha kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha kwa kasi hadi udongo utulie chini, kisha unapima dawa iliyobaki majini. Iliyopungua inahesabiwa kuwa imeshikwa. Maji hayo hutiwa kalsiamu kloridi, moli 0.01 kwa lita, ili yafanane kidogo na maji ya udongoni na ili chembe za mfinyanzi zikubali kutulia. Yote haya yamo kwenye Mwongozo namba 106 wa OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, uliopitishwa mwaka 2000. Niliufuata, na bado tarakimu zangu za wiki za mwanzo hazikufaa kitu.

Tatizo lilikuwa kwenye hilo neno "iliyopungua". Klorpirifosi ilikuwa ikipungua hata kwenye tyubu zisizo na udongo, kwa sababu ilijibandika kwenye plastiki. Nilikuwa nikiupa udongo sifa ya kazi iliyofanywa na tyubu! Nilihamia tyubu za kioo zenye vifuniko vilivyotandikwa tefloni, na tangu hapo kila awamu ina tyubu zake zisizo na udongo za kulinganishia.

Lililofuata lilikuwa uwiano wa udongo na maji, na hapa ndipo wengi hupoteza muda. Chukua udongo wenye Kd ya 1, maana yake kilo moja ya udongo hushika dawa sawa na inayobaki katika lita moja ya maji. Ukitia gramu 2 kwenye mililita 20, inashikwa sehemu 1 tu kati ya 11. Kosa dogo la kupima linatosha kuimeza nusu ya jibu lako. Tia gramu 10, itashikwa theluthi, na sasa una kitu cha kupima. Kwa klorpirifosi mambo hugeuka. Kd ikiwa 100, gramu 2 zile zile zinashika sehemu 10 kati ya 11 na majini hubaki kiasi kisichosomeka. Nikashuka hadi nusu gramu katika mililita 50, dawa ikagawanyika nusu kwa nusu. Kwa hiyo kila udongo na kila dawa vilipata uwiano wake, baada ya jaribio dogo la utangulizi.

Kisha nikaingia kwenye kuachia, na swali langu likabadilika kabisa.

Unamwaga maji ya juu, unarudisha maji safi ya chumvi ile ile kwa kipimo kile kile, unatikisa tena, unapima, unarudia. Mwanzoni mfinyanzi ulionekana kuachia dawa nyingi ajabu katika suuzo la kwanza. Haikuwa imeachiwa na udongo. Mfinyanzi ukishashindiliwa na sentrifuji hubaki umefumbata maji. Gramu 10 zikifumbata mililita 5 kati ya 20, robo nzima ya dawa iliyokuwa majini inabaki kwenye tyubu bila kushikwa na chochote. Suluhisho lilikuwa mizani: kupima uzito wa tyubu tupu, ikiwa na udongo mkavu, na kila baada ya kumwaga. Kazi inachosha, lakini bila huo uzito mahesabu ya kuachia ni ya kubahatisha.

Kichanga kiliachia karibu imidakloprid yote katika masuuzo machache. Udongo mweusi ulikataa. Kwenye grafu, mstari wa kuachia haukurudi kwa kuufuata mstari wa kushika. Ulipita juu zaidi, hali ambayo wataalamu huiita histeresisi. Sikuiamini mara moja. Huenda dawa ililiwa na vijidudu? Nikaukamua udongo kwa methanoli, aina ya alkoholi, na sehemu kubwa ya ile iliyokosekana ikatoka nzima. Ilikuwamo humo muda wote, maji tu ndiyo yalishindwa kuifikia. Molekuli huanza kushikwa juu juu, kisha polepole hupenya ndani ya mboji na vitundu vidogo vya chembe, na njia ya kutoka ni ndefu. Ndiyo maana udongo niliouacha na unyevu wiki kadhaa kabla ya kuusuuza uliachia kidogo kuliko ule wa siku moja.

Jambo hili lina uzito nje ya maabara. Kule Martinique na Guadeloupe, visiwa vya Karibi ambako klordekoni, dawa nyingine ya wadudu, ilitumika kwenye migomba hadi mwaka 1993, udongo wa volkano uitwao andosoli hushika sumu hiyo kwa nguvu kuliko nitisoli, aina nyingine ya udongo wa huko, na mimea hupata kutoka kwake kiasi kidogo kuliko kutoka kwenye nitisoli. Anayepima jumla iliyomo udongoni peke yake anaweza kuliogopa zaidi shamba linaloachia kidogo.

Sasa daftari langu lina safu mbili kwa kila udongo, ya kushika na ya kuachia, na sikubali kuandika ya kwanza nikaiacha ya pili wazi. Udongo mweusi niliusuuza mara tano. Katika suuzo la tano dawa bado ilisomeka, kidogo sana, lakini ilikuwa ikitoka.