Beki wa kushoto wa miaka 18 na shilingi 9,000 za nauli

Ukikaa barazani Mombasa na watu wa mpira wa magongo (hoki) hutakosa ubishi huu: kijana wa miaka 18 anayecheza beki ya kushoto, apandishwe timu kubwa au aachwe kwanza? Hawa watasema ana mbio, ana pumzi, aingie sasa hivi. Wale watakuhesabia kona fupi, yaani kona za adhabu, alizosababisha. Kahawa inapoa, kashata zinaisha, na hakuna aliyeuliza kijana mwenyewe amesafiri mara ngapi msimu huu.

Ninavyoona mimi, beki kijana wa pwani hacheleweshwi sana na kipaji wala na kocha. Humchelewesha mhazini wa klabu. Nitafika kwenye hesabu, lakini kwanza tuitazame kazi yenyewe, maana wengi wanaomhukumu wanamtazama kwa jicho la soka.

Gongo lina uso mmoja tu wa kuchezea, ule bapa wa upande wa kushoto, na gongo la mashoto haliruhusiwi. Ugumu wote unaanzia hapo. Beki wa kulia akijiwa na winga anayekata ukingoni, mpira unapita kuliani kwake, na huko gongo hufika likiwa wazi, mikono yote miwili juu yake. Kwa beki wa kushoto mambo yamegeuka. Winga akishika ukingo anapita kushotoni kwake, na huko lazima alipindue gongo, anyooshe mkono mmoja, aguse mpira kwa uso uliogeuzwa. Akikosea kidogo tu amegonga gongo la mwenzake au mguu, na filimbi imelia. Kwa hiyo msilinganishe mabeki wawili wa pembeni kwa idadi ya faulo. Kazi zao si moja.

Beki wa kushoto ana njia mbili. Ya kwanza ni kumfungia winga ukingo na kumlazimisha aingie ndani, upande ambao gongo la beki liko wazi. Mguu wa kushoto unatangulia, mwili unakaa mshazari, magoti yamekunjwa, gongo liko chini karibu na nyasi. Ya pili ni kumwachia ukingo na kukimbia naye bega kwa bega hadi mstari wa nyuma, akihakikisha tu kwamba hakati kuingia kwenye duara, lile eneo la mbele ya goli. Kosa la kijana karibu kila mara ni kutochagua. Anasimama kifua wazi, miguu sambamba, na winga ndiye anayemchagulia.

Ila njia ya kwanza inataka mtu wa pili. Ukimwingiza winga ndani na kiungo wa ulinzi hayupo, umemfungulia mlango wa sebuleni. Mashabiki wakiona kijana kapitwa kwa ndani wanampigia kelele yeye. Mimi humtafuta kiungo yuko wapi, na mara nyingi nampata bado yuko mbele, mikono kiunoni.

Kuhusu kunyang'anya mpira: kijana afundishwe kudokoa kabla ya kulaza gongo. Kudokoa ni mkono wa kushoto peke yake juu kabisa ya mshikio, unarusha ncha kwenye mpira na kuirudisha papo hapo, kama kuku anayedonoa. Lengo ni kumfanya mshambuliaji ainamishe macho na kupunguza mwendo. Mpira ukipatikana ni bahati. Anayedokoa akabaki amenyoosha mkono ameshapitwa. Kulaza gongo ni hatua ya mwisho: mikono miwili, vifundo vya vidole vya mkono wa kushoto vinakaribia kugusa chini, gongo limekuwa ukuta. Ukilaza mapema unarukwa. Na katikati ya yote hayo ni kurudi nyumanyuma kwa mwendo ule ule wa mshambuliaji, umbali wa kama magongo mawili kati yenu. Beki wa miaka 18 hapendi kurudi nyuma, anaona ni woga, basi anamvaa mtu. Kumvaa mtu mita 30 kutoka golini kunakugharimu frii, yaani pigo huru. Ndani ya duara kunakugharimu kona fupi, hata kama mpira ulikugusa mguu tu bila kukusudia.

Nako kwenye kona fupi ndiko ninakoona vijana wengi wanavunjika moyo. Wanaolinda ni watano tu pamoja na kipa, nyuma ya mstari, wenzao wote wako ng'ambo ya mstari wa kati. Mpira unatolewa mita 10 au zaidi kutoka mlingoti, lazima utoke nje ya duara, halafu upigwe. Ukipigwa kwa kishindo, pigo la kwanza haliruhusiwi kuingia golini juu ya sentimita 46, kimo cha ubao wa nyuma. Lakini ukiburutwa na kurushwa, ile wachezaji wanayoiita dragfliki, kimo hicho hakihusiki. Ndiyo maana mlinzi wa kwanza kutoka mbio kumkabili mpigaji anahitaji barakoa, glavu ngumu na kinga za magoti, tena za klabu, ziwe ndani ya mfuko mmoja pale kando ya goli. Kijana aliyetumwa kukimbilia mpira akiwa na kinga za muundi peke yake atakimbia akiwa amegeuza uso, na aliyegeuza uso haoni kitu.

Kuna sheria moja mashabiki huibishia kila wiki. Mlinzi aliye ndani ya mita 5 kutoka kwa mpigaji wa shuti la kwanza akipigwa na mpira chini ya goti, inatolewa kona fupi nyingine. Akipigwa gotini au juu yake akiwa amesimama kawaida, shuti linahesabiwa la hatari na frii inakwenda kwa walinzi. Mkimbiaji anayejua hili anakimbia wima, gongo chini upande wa kulia, na anashika mstari wake. Asiyejua anajikunja, na akijikunja refa hana la kumsaidia.

Na kocha akumbuke: kona fupi ikishatolewa, mabadiliko ya wachezaji yanasimama hadi imalizike. Huwezi kumtoa kijana ukamwingiza mzoefu. Aliyemo ndiye atakayelinda. Basi usimwingize uwanjani beki ambaye hujamfundisha nafasi yake kwenye kona.

Kifaa nacho kina neno lake. Vijana wanapenda gongo lenye mpindo wa chini karibu na ncha, kwa sababu ndilo la wapiga dragfliki wanaowaona kwenye simu. Mpindo wenyewe unaruhusiwa hadi milimita 25. Tatizo ni kwamba gongo hilo huunyanyua mpira ukipiga kawaida, na beki anayenyanyua mpira mbele ya watu anaadhibiwa kwa mchezo wa hatari. Beki anayeanza achukue lenye mpindo wa kati. Kama uwanja ni mgumu na una changarawe, azungushie ncha utepe mapema na kulitunza jingine kwa ajili ya zulia, yaani uwanja wa nyasi bandia. Ncha iliyosagika hukwaruza, na refa makini atalitoa gongo hilo nje.

Zulia ndilo linalotupeleka Nairobi. Kenya ilimaliza ya 4 katika Kombe la Dunia la 1971 kule Barcelona, na nahodha wake mashuhuri, Avtar Singh Sohal, alikuwa beki: Olimpiki nne kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972. Huo ulikuwa ulimwengu wa nyasi. Olimpiki ya Montreal 1976 ndiyo ya kwanza kuchezewa magongo juu ya nyasi bandia, na Kenya haikuwepo, ilikuwa imesusia pamoja na nchi nyingi za Afrika. Tangu hapo mchezo umekimbia, na anayejifunzia kwenye nyasi anaukimbiza kwa nyuma.

Kwa beki tofauti yenyewe ni hii. Kwenye nyasi mpira unarukaruka, kwa hiyo anajizoeza kushika gongo wima, mikono ikiwa laini, na kuuamua mpira dakika ya mwisho. Kwenye zulia, hasa likiwa limemwagiwa maji, mpira unakuja umelala na unakuja mapema. Gongo wima linapitwa kwa chini. Inabidi alilaze kabla mpira haujafika, ashuke kiuno, avae glavu mkono wa kushoto kwa sababu zulia linachuna vidole. Pasi ya juu inayovuka vichwa nayo ni silaha ya kawaida huko, na beki lazima ajue kumpisha mpokeaji mita 5 hadi autulize mpira. Mazoea hayo hayaji kwa mechi moja. Yanahitaji safari.

Sasa hesabu. Daraja la kawaida la treni ya Madaraka Express, Mombasa hadi Nairobi, ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima tangu Januari 2024. Kwenda na kurudi ni 3,000. Wachezaji 16, kocha na meneja, jumla 18: shilingi 54,000, na hapo hujatia matatu ya kufika Miritini, gari la kutoka Syokimau, malazi, chakula wala maji. Mhazini anatazama daftari, anakuna kichwa, anasema waende wachezaji 13. Ameokoa 9,000. Wanaobaki ni kipa wa pili na vijana wawili, na beki wetu wa miaka 18 ni mmoja wao.

Tazama 9,000 hizo zinavyorudi kudai. Mabadiliko kwenye magongo hayana idadi, kwa hiyo wenyeji wenye benchi kamili wanazungusha washambuliaji wao kila baada ya dakika chache. Wewe una wawili wa akiba. Mabeki wako wanasimama dakika zote 60 Jumamosi, na kama ratiba imekupa mechi ya pili Jumapili, wanasimama tena. Robo ya nne miguu imekwisha, kukaba kunageuka kushikashika, kona fupi zinafuatana. Mnarudi na vipigo viwili, na barazani inasemwa timu haina mabeki. Mabeki wapo Mombasa, wameachwa kwa bei ya viti vitatu.

Wengine wanabana zaidi kwa kupanda treni ya saa 4 usiku ili wasilipe malazi. Inafika kabla ya alfajiri, watu wanalala kwenye viti vya stesheni, halafu mechi asubuhi. Kwa mshambuliaji huenda ikapita. Kwa beki anayetakiwa kurudi nyumanyuma akiwa amekunja magoti, sivyo. Treni ya saa 9 alasiri na chumba cha watu wanne ni nafuu kuliko inavyoonekana.

Mpango wangu wa dakika ni mdogo. Kijana asianze, maana robo ya kwanza wapinzani wana kasi mpya, wala asimalize mechi inayokazana. Aingie robo ya pili kwa dakika 8 hadi 10, na robo ya tatu tena, akiwa na beki mzoefu wa kati upande wake anayeongea. Mtu akae na daftari aandike mambo matatu: alipitwa upande gani, mpira ulimgusa mguu ndani ya duara mara ngapi, na pasi zake za kutoka nyuma zilinyang'anywa wapi. Magoli yasiandikwe. Ramadhani ikiingia, kazi ya mbio isogezwe usiku baada ya tarawehe, na kabla ya futari yabaki mafunzo ya kusimama na kulaza gongo.

Wanaofuata magongo ya barafu ya Marekani na Kanada wana ubishi huu huu, ila wao wameuwekea sheria. Klabu ya NHL, ligi kuu ya huko, inaweza kumchezesha kijana wa miaka 18 au 19 hadi mechi 9 kisha ikamrudisha ligi ya vijana, na mwaka wa mkataba wake wa kwanza hauhesabiwi. Watakutajia Cale Makar aliyechukua tuzo ya beki bora mwaka 2022 akiwa na miaka 23. Mimi nawarudisha kwa Nicklas Lidström: alichaguliwa wa 53 mwaka 1989, akaipata tuzo hiyo kwa mara ya kwanza 2001, ameshavuka miaka 30, kisha akaibeba mara saba kwa jumla.

Huku kwetu hakuna mkataba wa kuhesabu. Ni mchezo wa ridhaa, na kijana akipata chuo au kazi Nairobi atakwenda, akacheze kwenye zulia kila wiki. Kumzuia ni kumdhulumu, na kamati inayomnunia inajifungia mlango, kwani ndugu zake wadogo bado wako hapa wanatazama. Bora klabu ikubaliane naye mapema juu ya likizo: akiwa Mombasa anafanya mazoezi na sisi, na anawaonyesha wadogo gongo linavyolazwa huko.

Wanaotaka ahamishwe mbele kwa kuwa ana mbio, wasubiri. Mbio ndizo zinazomwezesha beki wa kushoto kuchagua ile njia ya pili, ya kukimbia na winga hadi mstari wa nyuma. Na safari ijayo fedha zikitosha viti 14 tu, abaki nyumbani yule mkongwe anayebebwa kwa heshima ya zamani na kuingia dakika 5 za mwisho. Kiti chake apewe kijana, na mfuko wa barakoa aubebe yeye.