Korona ilivyopita nyumbani kwetu Newala: maji, pumzi na hofu

Ushauri ulioniudhi kuliko wote wakati wa korona ni ule wa "usiogope". Mtu ana mama wa miaka sabini na kitu, mwenye presha na kisukari, halafu unamwambia asiogope! Hujamsaidia kitu. Kilichotusaidia sisi ni kuipa hofu kazi ya kufanya: kupima, kuhesabu, kuchanganya dawa kwa kipimo, na kujua mapema lini tunabaki nyumbani na lini tunaondoka kwenda hospitali.

Nianze na maji, maana huku Newala, uwanda wa juu wa Makonde kusini mwa Tanzania, kuhimizwa unawe kwa maji tiririka wakati ndoo unainunua ni maudhi. Jibu ni kibuyu chirizi, yaani dumu linaloning'inia kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, unaloliinamisha kwa kukanyaga kamba, lakini vingi nilivyoviona vilitengenezwa ovyo, havikudumu. Chukua dumu la lita tano lenye mkono. Pasha moto msumari mwembamba, ushike kwa koleo, toboa tundu moja tu upande ulio mkabala na mkono, kama sentimita 12 chini ya kifuniko. Tundu likiwa chini zaidi, utajaza maji kidogo tu, ukizidisha yanachuruzika hata dumu likiwa wima. Likiwa kubwa, maji yanaisha kabla familia haijamaliza kunawa. Jaza mpaka chini kidogo ya tundu, usizidishe. Kamba ya kukanyagia wengi huifunga shingoni mwa dumu, nayo inateleza. Ipitishe katikati ya kifuniko, ndani uifunge kijiti ili isichomoke. Tundu hilo la kifuniko lina kazi ya pili ambayo wengi hawaijui: linaingiza hewa. Kifuniko kikikazwa bila pa kupitia hewa, maji yanatoka kwa kukatakata kisha yanagoma, watoto wanaanza kulitikisa dumu mpaka nguzo zinalegea. Chini mwaga kokoto, la sivyo ni tope. Weka kivulini, jua linakausha plastiki hadi inapasuka. Sabuni ya mche ukiiacha nje kunguru anaondoka nayo, kwa hiyo sisi tuliweka kijiko cha chakula cha sabuni ya unga kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, kifuniko kimetobolewa. Inatosha kunawia siku nzima na bei yake haiumizi.

Kwa vitasa, meza na choo tulitumia jiki. Ile ya asilimia 3.5 inachanganywa vijiko viwili vya chakula, yaani mililita 30, kwa lita moja ya maji ya baridi. Osha kwanza kwa sabuni, maana uchafu unaimaliza nguvu, kisha pangusa na jiki na uache dakika kumi. Changanya mpya kila siku. Usiichanganye kamwe na siki, ndimu wala dawa ya choo yenye asidi: inatoa gesi ya sumu inayobana kifua, na mtu akibanwa kifua wakati wa korona atadhani ameupata.

Nyungu ndiyo iliyonitia hasira. Mwarobaini, mchaichai, majani ya mkaratusi, sufuria inatokota, blanketi moja watu watatu. Mvuke hauui virusi vilivyokwisha kuingia mwilini. Joto la kuviua lingekuunguza wewe kwanza. Hao watatu wanavuta pumzi za wenzao gizani, na sufuria ikipinduka ni majeraha ya mapajani. Mchaichai tulikunywa, basi. Na waliokuwa wakinawa kwa nipa, gongo yetu ya mabibo: pombe ya kuua vijidudu mikononi inatakiwa iwe na alkoholi asilimia 60 au zaidi, na nipa kila pishi lina ukali wake, hakuna anayeupima. Kuinywa ili "isafishe mapafu" ndiyo kabisa, inaharibu usingizi na kesho yake hofu inaamka imeongezeka.

Halafu kuna salfa. Juni na Julai mikorosho inapulizwa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, vumbi linakereketa koo na watu wengi wanakohoa. Kikohozi cha salfa kinaanza siku ileile ya kupuliza, macho yanawasha, hakina homa, na kinapungua ukitoka kwenye vumbi. Tulibadili nguo nje, tukaoga, tukaandika ukutani kikohozi kimeanza lini. Ikija homa, safari ya kwanza ni zahanati kupima malaria. Na ikionekana malaria usiifute korona kichwani. Mtu mmoja anaweza kuwa navyo vyote viwili.

Sasa pumzi. Hofu yenyewe inabana kifua. Ukipumua haraka haraka unatoa hewa ya kaboni kupita kiasi, midomo na vidole vinakufa ganzi, kichwa kinazunguka, nawe unazidi kuogopa. Tulikaa kitako, tukavuta hewa puani kwa kuhesabu hadi nne, tukaitoa mdomoni polepole, hadi sita au nane, kama dakika tano hivi. Ya hofu hulegea. Ya ugonjwa wa mapafu hailegei, na ukitembea hatua chache inazidi.

Kwa mgonjwa, hesabu pumzi dakika nzima. Hapa kuna mbinu ninayoipenda sana: usimwambie. Mtu akijua anahesabiwa hubadili upumuaji. Mama nilimshika kifundo cha mkono kama anayesikiliza mapigo, macho yangu kwenye kifua chake, saa pembeni. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Zikizidi 30 ni hospitali bila mjadala. Kipima oksijeni cha kidoleni tulichanga nyumba kadhaa, mwanzoni bei yake ilikuwa juu. Mgonjwa apumzike kwanza, mkono uwe na joto, namba itulie kama nusu dakika ndipo uisome. Rangi ya kucha na piko vinadanganya mashine, kwa hiyo bibi harusi wetu tulimpima kwenye kidole kisicho na kitu. Ikisoma 94 kushuka tuliwasiliana na daktari, chini ya 90 ni kuondoka papo hapo.

Habari nazo zilihitaji kipimo. Takwimu za nchi zilikoma kutangazwa mwanzoni mwa Mei 2020, zikiwa watu 509, na nafasi hiyo ikajazwa na sauti za WhatsApp za watu wasiojulikana. Tulisikiliza redio asubuhi na jioni, na sauti isiyo na jina la msemaji haikusambazwa kutoka kwetu. Simu hazikulala chumbani.

Msibani kukataa mkono wa mtu ni kumvunjia heshima, na kijana akisema hasikilizwi. Kwetu msemaji ni mjomba, basi tulimfuata kabla ya maziko. Yeye ndiye aliyewatangazia watu kwamba shikamoo itatolewa kwa mkono kifuani, na wazee watakaa nje, chini ya mwembe, mbali na umati. Hakuna aliyenuna.

Chanjo ilipozinduliwa 28 Julai 2021, mama alikuwa miongoni mwa waliotangulia kwa umri na maradhi yake. Mkono ulimuuma, homa kidogo, akameza panadol.

Kilichompa usingizi zaidi, hata kabla ya chanjo, ni mpango wa usiku. Namba za madereva wawili wa gari zilibandikwa mlangoni, wa pili kwa ajili ya siku wa kwanza hapokei. Nauli ilikaa kwenye simu, haiguswi hata sukari ikiisha. Kadi ya bima, dawa zake za presha na sukari, kanga mbili na karatasi ya vipimo vilikuwa kwenye mfuko mmoja, na kila mtu nyumbani, hadi mtoto wa darasa la tatu, alijua unaning'inia wapi.