Siku tuliyosoma madeni ya Babu

Kwetu Tororo, kama ilivyo sehemu nyingi za Uganda, jeneza halishushwi kaburini kabla ya swali moja kuulizwa. Mtu wa ukoo husimama mbele ya waombolezaji akasema: kama yupo aliyekuwa akimdai marehemu, ajitokeze sasa, na kama yupo aliyekuwa akidaiwa na marehemu, naye aseme. Mara nyingi watu hukaa kimya, msemaji hushukuru, na padre huendelea na ibada. Katika mazishi ya Babu yangu, mwaka 2003, swali hilo lilichukua karibu saa nzima, na mpaka leo nyumbani kwetu hatujakubaliana kama lilipaswa kujibiwa vile.

Nilikuwa nimekaa kwenye meza ya mabugo chini ya mwembe. Mabugo ndiyo michango ya msiba, na mimi nilikuwa nikiandika majina ya waliotoa na kiasi walichotoa. Kazi hiyo nilipewa kwa kuwa nilikuwa mwalimu na mwandiko wangu unasomeka, lakini aliyenifundisha kupiga safu kwenye daftari ni Babu mwenyewe: jina, tarehe, kiasi, sahihi. Alinifundisha nikiwa bado sijajua hata kujumlisha vizuri.

Babu alikuwa mtu wa reli. Aliingia Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki akiwa kijana, kibarua wa genge la kutengeneza njia, akapanda hadi kuwa mnyapara. Tororo ni njiapanda ya reli: njia itokayo Mombasa inagawanyika pale, moja ikaelekea Jinja na Kampala, nyingine ikapanda Mbale, Soroti na kaskazini. Kwa hiyo kwenye kota za reli palikaa kila aina ya watu, Wajopadhola, Wateso, Wasamia, Wajaluo kutoka upande wa Kenya, Waganda, Wanubi. Babu alikuwa Mjopadhola, Bibi ni Msamia. Nyumbani tulisema Kiswahili, na rozari ya jioni tulisali kwa Kiswahili, majirani wakiingia na vigoda vyao.

Kila alfajiri Babu alisimama na masta roli mkononi akaita majina ya genge lake. Aliyekuwepo aliandikwa. Ambaye hakuwepo hakuandikwa, hata akiwa shemeji yake. Shangazi yangu anasema kuna mwaka ambao ndugu za Bibi hawakukanyaga nyumbani kwa ajili ya masta roli hiyo.

Mwaka 1969 Papa Paulo VI alipokuja Uganda, Papa wa kwanza kukanyaga Afrika akiwa madarakani, Babu alipanda treni kwenda Kampala akasimama Kololo katika umati, siku maaskofu 12 wa Kiafrika walipowekwa wakfu. Hakuona kitu zaidi ya migongo ya watu. Ila jambo moja alilitoa huko na hakuliacha tena: neno ambalo Papa aliwaambia maaskofu katika kanisa kuu la Rubaga, kwamba sasa Waafrika ndio wamisionari wao wenyewe. Bibi alikuwa akisema kwamba tangu safari ile Babu hakumngoja padre tena. Padre akikosekana Jumapili, Babu aliongoza ibada. Mtu akifa usiku kwenye kota, Babu alikwenda na kitabu cha sala na taa ya chemli. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zilipoanza kuundwa, ya kwetu ilikuwa tayari ipo, ilikosa jina tu.

Katika wafiadini 22 wa Uganda wa Kanisa Katoliki, wa kwake alikuwa Matia Mulumba. Vijana wengi hupenda Kizito au Karoli Lwanga. Babu alimpenda Mulumba kwa kuwa alikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto na cheo, mtu mwenye vingi vya kupoteza. Alitusimulia mara nyingi jinsi mzee huyo alivyotoka Mityana kwa miguu kwenda misioni, na jinsi alivyoachwa kwenye kilima cha Kampala mnamo Mei 1886, amekatwa viungo, akafa kwa kiu siku tatu baadaye. Akifika kwenye kiu alinyamaza. Halafu alituuliza kama jirani asiye na maji tumempelekea maji.

Sasa kuhusu uongozi. Baada ya Januari 1986 serikali mpya ya Museveni ilianzisha mabaraza ya wananchi yaliyoitwa Resistance Councils, RC, kila kijiji na watu wake tisa. Uchaguzi ulikuwa wa kupanga mstari nyuma ya mgombea, na mstari wa Babu ulizunguka ukafika kwenye tangi la maji, akawa mwenyekiti. Miaka ile bidhaa zilikuwa adimu. Sukari, sabuni na chumvi vilipitia kwa RC, kwa orodha, kila nyumba na fungu lake. Babu alisoma orodha hiyo uwanjani kwa sauti. Alikuwa amepitia miaka ya Amin, ameona watu wakichukuliwa bila neno kusemwa na mali ikigawanywa usiku, na imani yake ilikuwa kwamba jambo la watu wengi lisomwe mbele ya watu wengi. Mei 1987 pesa zilipobadilishwa, sifuri mbili zikakatwa na asilimia 30 ikakatwa juu yake, alikaa mezani usiku kucha akiandika upya kila deni la mfuko wa jumuiya katika shilingi mpya, ili mjane aliyekopa asilipe zaidi ya haki. Namkumbuka na wino kwenye vidole, akipuliza karatasi ikauke.

Nimeeleza haya yote ili ieleweke kwa nini Bibi alikuja kwenye mazishi na daftari ndani ya mkoba.

Misa ilisomwa nyumbani, kijijini upande wa Nagongera, chini ya mahema. Kwaya ya parokia iliimba, wazee wa reli walikuja wamevaa makoti juu ya kanzu, mama zetu na gomesi zao, sufuria za maharage na ugali wa mtama nyuma ya nyumba. Baba Mkubwa, mwana wa kwanza wa Babu, ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Aliuliza swali la madeni haraka haraka, kama wanavyouliza wote, na alikuwa ameshageuka kumpa padre nafasi Bibi aliposimama akamkabidhi daftari.

"Mzee amejibu mwenyewe," alisema. "Soma."

Lilikuwa daftari la shule, jalada la buluu. Ukurasa wa kwanza Babu aliandika NINADAIWA. Baba Mkubwa akaanza kusoma. Mama muuza maharage sokoni, shilingi 4,000. Fundi baiskeli, 1,500, tairi la nyuma. Duka la dawa, 2,200. Kila lililosomwa, mdogo wake Baba alitoa pesa kwenye bahasha ambayo Babu aliiacha pamoja na daftari, na mwenye haki alikuja mezani kwangu kutia sahihi. Watu walianza kunong'ona kwa furaha. Dawa ya deni kulipa, mzee mmoja alisema kwa sauti, na wengine wakaitikia.

Kisha Baba Mkubwa akanyamaza. Niliona macho yake yakishuka na kupanda kwenye mstari uleule. Akafungua ukurasa uliofuata.

"Umeruka," Bibi alisema.

"Mama, hili ni la nyumbani."

"Alifutwa nyumbani? Alifutwa uwanjani. Soma, mwanangu."

Akasoma. Sikunakili siku ile, lakini daftari hilo ninalo na maneno ni haya: "Msamaha. Jirani yangu dereva. Nilimfuta kwenye orodha ya sukari mbele ya mkutano kwa neno la uongo nililoambiwa. Nimemwomba radhi kwake. Mbele ya mkutano bado."

Wengi pale hawakuelewa. Sisi wa kota tulielewa mara moja. Jirani huyo alikuwa Mnubi, dereva wa garimoshi, Mwislamu, nyumba yake ikitazamana na yetu. Mwaka 1988 mtu alimwendea Babu akamwambia kwamba dereva anachukua sukari mara mbili, kota na tena kwa ndugu yake mjini. Babu aliamini. Akalisoma jina lake uwanjani na kulipiga mstari watu wote wakitazama. Miezi ilipita kabla ya ukweli kujulikana: mwenye kuchukua mara mbili alikuwa yule aliyeleta maneno. Jina la dereva lilirudishwa, sukari akapewa. Sisi watoto tuliona yamekwisha.

Mzee mwenyewe alikuwepo. Alikaa nyuma kabisa, kofia kichwani, fimbo katikati ya magoti. Alisimama polepole na hakuja mbele, aliongea palepale alipokuwa, na watu ikabidi wageuke.

"Mwenyekiti alikuja kwangu usiku," alisema. "Alipiga magoti sebuleni kwangu, mtu mkubwa kuliko mimi. Nikamwambia, inuka, yameisha. Nilisema vile kwa heshima. Hayakuwa yameisha. Mke wangu aliacha kwenda bombani saa ambayo wenzake wako pale. Alichota maji usiku. Aliendelea hivyo hata baada ya jina kurudi. Amekufa akichota maji usiku."

Hakuna aliyekohoa. Padre alikuwa ameinamisha kichwa.

"Leo nimesikia," mzee akasema. "Naomba iandikwe."

Bibi akanigeukia. Nikafungua ukurasa mpya kwenye daftari la mabugo, sikujua niandike nini kwenye safu ya kiasi, nikaiacha wazi. Niliandika jina lake na tarehe. Alikuja na fimbo yake, akasoma nilichoandika, akaniambia: "Mjukuu wangu, andika na jina la mama." Nikaliandika jina la mke wake chini ya lake. Akatia sahihi mara mbili.

Nitasema ninavyoona. Nampenda Babu kuliko mtu yeyote aliyewahi kunilea, na kwenye jambo hili alichelewa. Miaka kumi na mitano alikuwa na uwanja, alikuwa na mkutano, alikuwa na sauti. Mama yule alikuwa hai sehemu kubwa ya miaka hiyo, hatua chache kutoka mlango wetu. Mtu aliyeamka saa tisa usiku kumsalia mgonjwa alishindwa kusema sentensi moja mchana. Nadhani aliogopa kwamba akiyumba kwa jirani mmoja, orodha nzima itatiliwa shaka, na miaka ile orodha ikitiliwa shaka watu hupigana. Sababu hiyo ninaielewa. Lakini gharama yake aliilipa mwanamke mwenye ndoo, na yeye hakuulizwa.

Jambo ambalo sitamnyima Babu ni kwamba hakujifutia. Angeweza kuungama kwa padre, na najua aliungama, maana hakukosa kitubio hata mwezi mmoja. Kwake haikutosha. Aliliweka pamoja na tairi la baiskeli na dawa ya kifua, deni kama madeni mengine, akamwachia Bibi kazi ya kuhakikisha limesomwa.

Ukurasa wa NINADAI haukuwa na majina. Juu yake aliandika kwamba wenyewe wanajijua, wasiitwe. Anayeweza kulipa apeleke kwenye mfuko wa jumuiya na apewe risiti. Baba Mkubwa alipomaliza kusoma hayo palikuwa na kimya kirefu, halafu mtu wa kwanza akasimama. Wa pili. Mmoja alikuwa yule aliyeshindwa na Babu kwenye mstari wa 1986 na hakumsalimia kwa miaka. Aliweka noti mezani kwangu, akangoja risiti, akaisoma mbele na nyuma kabla ya kuikunja.

Jeneza lilishushwa jua limeshapita juu ya miembe. Bibi aliomba wana wawili wa mzee dereva wasaidie kushika kamba, na walishika.

Jioni ile ile ugomvi ulianza. Baba Mkubwa alisema baba yake ameaibishwa mbele ya wakwe, mbele ya mwenyekiti wa LC, jina jipya la RC, na mbele ya watu waliokuja kumheshimu, na kwamba Bibi angeweza kumwita jirani pembeni. Bibi alimjibu kwamba pembeni alishaitwa. Hawakusemezana kwa muda mrefu, na mimi nilichukua upande wa Bibi waziwazi, jambo ambalo Baba Mkubwa hakulisahau.

Alhamisi iliyofuata jumuiya ilikutana nyumbani kwetu kama kawaida, rozari, Injili, kisha fedha. Mweka hazina alisoma kiasi kilichoingia kutoka msibani. Watu wengine waliendelea kuleta hadi Krismasi, mmoja alituma kwa mtu kutoka Soroti. Miaka miwili baadaye Baba Mkubwa alichaguliwa kushika fedha za parokia. Bado anashikilia kwamba siku ile tulikosea. Ila hesabu za parokia, za kila robo mwaka, huzisoma mwenyewe baada ya Misa ya pili, na zile ambazo hazikutimia huzisoma kwanza.