Kabla ya kuhesabu manukuu ya mtafiti, safisha orodha yake

Mtafiti anapoomba kupandishwa cheo au fedha za mradi, mara nyingi huulizwa fahirisi yake ya h. Kipimo hiki kilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch, na hesabu yake ni nyepesi. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa sana hadi isiyonukuliwa kabisa, kisha shuka ukilinganisha nafasi ya makala na idadi ya manukuu yake, yaani mara ambazo kazi nyingine zimeitaja. Nafasi ya mwisho ambayo manukuu hayapungui namba yake ndiyo h. Tuseme manukuu ni 31, 18, 14, 9, 7, 6, 6, 3, 1 na 0. Makala ya sita ina 6, inafaulu. Ya saba nayo ina 6, haifiki. Basi h ni 6. Hata ile ya kwanza ingenukuliwa mara 3,100, h isingesogea.

Mtafiti Leo Egghe alijaribu kuliziba pengo hilo mwaka 2006 kwa fahirisi ya g: tafuta idadi kubwa kabisa ya makala za juu ambazo jumla ya manukuu yake haipungui mraba wa idadi hiyo. Katika mfano wetu makala tisa za juu zina manukuu 95, na 9 mara 9 ni 81. Kufika 10 kungehitaji 100. Basi g ni 9. Fahirisi ya i10 ya Google Scholar huhesabu tu makala zenye manukuu 10 au zaidi. Hapa ni 3.

Hesabu si tatizo. Makosa mengi huanzia kwenye orodha yenyewe. Watafiti wawili wenye jina moja huunganishwa wakawa mtu mmoja; mtafiti mmoja aliyebadili jina la ukoo, au anayeandika herufi za mwanzo leo na jina kamili kesho, hugawanywa wakawa wawili. Dawa ni kitambulisho cha ORCID chenye tarakimu 16, lakini kuwa nacho hakutoshi: lazima makala ziunganishwe nacho moja baada ya nyingine. Rasimu iliyowekwa mtandaoni na toleo lililochapishwa jaridani nazo huweza kuorodheshwa mbalimbali, manukuu 5 huku na 6 kule, na makala inayostahili kuinua h ikabaki chini. Ziunganishe, ila hakikisha kwanza kwamba ni kazi ile ile.

Kisha chagua hifadhidata moja na ubaki nayo. Google Scholar huokota hata tasnifu na rasimu, hivyo idadi zake kwa kawaida huwa juu. Scopus na Web of Science huchagua majarida, na huwapunja wanaoandika vitabu au wanaochapisha kwa lugha zisizo za Kiingereza. Kumlinganisha mtu mmoja kwa Scopus na mwenzake kwa Google Scholar ni dhuluma, hata kama imefanywa kwa nia njema. Andika jina la hifadhidata na tarehe uliyochukua takwimu, kila mara.

Toa pia hesabu ya pili isiyo na kujinukuu. Kujinukuu si kosa. Anayeendeleza kazi yake hana budi kuitaja. Lakini ukiondoa nukuu moja tu kwenye makala ya sita na moja kwenye ya saba katika mfano wetu, h inashuka hadi 5. Msomaji anastahili kuona tofauti hiyo.

Fani nazo hazilingani. Makala za hisabati huwa na marejeo machache na hunukuliwa polepole. Za tiba hunukuliwa upesi na kwa wingi. Ndiyo maana kuna vipimo vinavyolinganisha makala na nyingine za fani, mwaka na aina ileile: 1 ni wastani wa dunia, 1.5 ni asilimia 50 juu yake. Makala zikiwa chache, moja iliyovuma huupaisha wastani mzima, kwa hiyo mimi huona ni afadhali kutaja ngapi zimeingia katika asilimia 10 ya makala zinazonukuliwa zaidi.

Ushirikiano ndio hupimwa vibaya zaidi. Kuhesabu waandishi wenza peke yake kunapotosha: makala ya mwaka 2015 kuhusu uzito wa chembe ya Higgs, iliyotolewa kwa pamoja na vikundi viwili vikubwa vya wanafizikia, ATLAS na CMS, ina waandishi 5,154. Weka kando makala za aina hiyo na uziripoti peke yake. Kwa zilizobaki, gawanya mchango: makala ya watu wanne humpa kila mmoja 0.25. Makala 20 za watu watano watano zinakuwa 4. Makala 6 za watu wawili wawili zinakuwa 3, na pengo lililoonekana kubwa linapungua sana.

Tazama pia ni wenza wangapi wamerudi kuandika naye zaidi ya mara moja, kisha chora mtandao wao kwa programu kama VOSviewer na umwondoe mtafiti huyo: makundi yanayopoteza mawasiliano yanaonyesha aliwaunganisha akina nani. Jihadhari na mtu mwenye ajira katika nchi mbili, kwani peke yake huweza kuifanya makala ihesabiwe kuwa ya kimataifa.

Mpangilio wa majina ya waandishi usikutoshe. Katika hisabati huenda kwa alfabeti. Katika sayansi nyingi za maabara wa mwisho ndiye kiongozi wa kundi. Jarida likiwa linatumia CRediT, orodha ya kueleza mchango wa kila mwandishi yenye majukumu 14, soma hapo nani alibuni wazo, nani alichambua data na nani aliandika rasimu.