Namna Nilivyopanga Bei ya Bia Adimu Bila Kuwalangua Wateja

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa msimamizi wa bia katika duka dogo la pombe lililoko kwenye kitongoji kimoja cha Minneapolis, jimboni Minnesota, na katika majukumu yangu yote hakuna lililonifikirisha kama kupanga bei ya bia zinazotoka mara moja tu kwa mwaka. Nyingi kati ya bia hizo hutengenezwa na viwanda vidogo, nazo ni bia nyeusi nzito zilizolazwa kwa miezi mingi ndani ya mapipa ya mwaloni yaliyowahi kutunzia wiski ya bourbon. Duka la ukubwa wetu hugawiwa katoni moja au mbili, basi, ilhali wanaozitaka ni mamia. Mazingira ya namna hiyo humjaribu muuzaji yeyote, kwa kuwa bei yoyote atakayobandika atapata mtu wa kuilipa.

Ili msomaji aelewe bei hujengwaje, hana budi kufahamu njia ambayo chupa hupitia. Marufuku ya pombe ilipoondolewa nchini Marekani mwaka 1933 kwa Marekebisho ya 21 ya Katiba, majimbo mengi yaliweka utaratibu wa ngazi tatu: mtengenezaji humuuzia msambazaji, msambazaji humuuzia mwenye duka, na mwenye duka ndiye anayemuuzia mnywaji. Kila ngazi huweka faida yake juu ya bei iliyokuta. Tuchukue chupa ya mililita 500 ambayo kiwanda kimeiuza kwa dola 10.50. Msambazaji anayetaka robo ya bei yake iwe faida ghafi atatuuzia kwa dola 14, nasi tukitaka robo hiyohiyo tutaiweka rafuni kwa karibu dola 18.70 kabla ya kodi. Kwa hesabu hiyo, kila dola 1 inayoongezwa kiwandani humfikia mnywaji ikiwa dola 1.78. Minnesota nayo hutoza kodi ya mauzo ya asilimia 6.875 pamoja na asilimia 2.5 ya ziada kwa vileo, kwa hiyo bei ikipaa, kodi nayo hupaa. Nimeona wateja wakimlaumu mwenye duka peke yake kwa bei ambayo robo tatu ya ongezeko lake ilianzia mbali na duka.

Hapa naomba nitofautishe mambo mawili. Bia hizi ni ghali kwa sababu za kweli: shayiri inayotumika ni nyingi kupita ile ya bia ya kawaida, mapipa hununuliwa kutoka kwa watengeneza bourbon, bia hukaa ghalani karibu mwaka mzima ikiwa imefunga mtaji, na sehemu yake hugeuka mvuke na kupotea kupitia mbao za pipa. Ughali huo sina ugomvi nao. Ninaougombea ni ule unaoongezwa mwishoni, dukani, na mtu ambaye hakulaza pipa wala hakungoja mwaka, ila amejua tu kwamba jirani yake hana chupa kama hiyo.

Mwenye duka letu ni mtu mwadilifu, naye ndiye aliyenifundisha biashara hii, lakini mwaka ambao tulipata katoni mbili za bia iliyokuwa ikizungumzwa kote jimboni alitaka chupa iuzwe kwa dola 39.99. Hoja yake haikuwa ya tamaa tupu. Alisema kwamba tukiiuza kwa dola 19, mlanguzi ataichukua, atatoka nayo hadi maegesho ya magari, na kuiuza kwa dola 50, hivyo faida tuliyoiacha haitamfikia mnywaji hata kidogo bali itaishia mfukoni mwa mtu asiyelipa kodi ya pango, asiye na leseni na asiyeajiri mtu. Hoja hiyo ni nzito, na yeyote anayetetea bei ya haki bila kuijibu anatetea nusu ya jambo.

Nilimwomba anipe usiku mmoja niandae hesabu, na kesho yake tulikaa pamoja kwenye chumba cha nyuma, ankara ikiwa mezani. Nilianza na swali la nyongeza yetu ya kawaida inalipia nini hasa. Pakiti ya makopo manne ya IPA, yaani bia chungu yenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), tunainunua kwa dola 10.50 na kuiuza kwa dola 13.99. Ile dola 3.49 inalipia umeme wa chumba baridi, mtu wa kupanga rafu, na zaidi ya yote inalipia hatari, kwa maana IPA hupoteza harufu ya hopsi ndani ya miezi michache na pakiti zisizonunuliwa tunalazimika kuzishusha bei au kuzirudisha kwa hasara. Chupa adimu haina hatari hiyo. Haikai rafuni, haichuji, haihitaji kupunguzwa bei, haihitaji tangazo, na bia nzito ya aina hiyo huweza kutunzwa miaka bila kuharibika. Tukiiuza kwa dola 18.99 tunabaki na dola 4.99, yaani zaidi ya tunachopata kwenye pakiti ya IPA, kwa kazi iliyo ndogo zaidi. Ikiwa nyongeza ni malipo ya kazi na hatari, basi bidhaa inayojiuza yenyewe ndiyo yenye sababu ndogo kuliko zote ya kuongezewa.

Kisha nikaenda kwenye fedha yenyewe. Chupa 24 zikiuzwa kwa dola 39.99 badala ya 18.99, duka lingepata dola 504 za ziada, mara moja kwa mwaka. Mteja anayenunua pakiti moja ya IPA kila wiki hutuachia takriban dola 181 kwa mwaka. Wateja watatu wa namna hiyo wakiudhika na kuhamia duka la barabara ya pili, tumepoteza dola 544, na wakihama hawarudi mwaka unaofuata. Wapenzi wa bia za viwanda vidogo wana mazoea ya kuambiana bei. Lebo ya dola 39.99 hupigwa picha kabla mtu hajatoka mlangoni. Mwenye duka alirudia kuzidisha na kujumlisha kwa kikokotoo chake, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: tutawazuiaje walanguzi?

Swali hilo ndilo lililochukua sehemu kubwa ya kazi yangu, na katika kulijibu nilitegemea mambo niliyoyasikia utotoni. Mama yangu alikuwa na biashara ndogo Tanga wakati wa uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na alituhadithia kuhusu operesheni ya mwaka 1983 dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, enzi za Waziri Mkuu Edward Sokoine. Sukari na sabuni zilikuwa na bei elekezi, lakini aliyezipata alikuwa yule anayefahamiana na mwenye ghala, na asiye na jamaa aliambiwa zimekwisha huku magunia yakiwa nyuma ya mlango. Mama hakuwa akiilaumu bei. Alikuwa akilaumu mlango wa nyuma. Kwangu hilo lilitosha kunionyesha kwamba bei nzuri inayogawiwa kwa kujuana haimfai mteja wa kawaida, na kwamba kama nataka kuishikilia bei, lazima niufanye ugawaji uonekane na kila mtu.

Kwa hiyo tuliweka utaratibu wa kura. Mtu anaandika jina lake katika daftari lililo kaunta kwa wiki nzima, bila malipo na bila sharti la kununua kitu kingine. Jina ni moja kwa mtu mmoja, kitambulisho huonyeshwa siku ya kuchukua, na chupa ni moja tu. Alhamisi jioni majina hutolewa mbele ya yeyote anayetaka kushuhudia. Kwenye rafu nilibandika kadi iliyoandikwa kwa mkono: tumeinunua kwa dola 14.00, tunaiuza kwa dola 18.99, chupa moja kwa mtu, kura ni Alhamisi. Mwenye duka alisita kuhusu kuandika bei tuliyonunulia, nami nilimsihi, kwa sababu mteja anayeona hesabu haulizi tena kama ameibiwa. Kuhusu walanguzi, sikuahidi kwamba hatakuwepo hata mmoja. Nilichosema ni kwamba anayelazimika kutuma watu kumi ili huenda apate chupa moja ataona kazi hiyo hailipi, na ndivyo ilivyokuwa: nyuso mbili tatu tulizozoea kuziona siku za bia adimu tu zilipotea.

Kura ina uchungu wake. Mzee mmoja wa jumuiya yetu ya Watanzania hapa alinipigia simu, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani akasema, "Mwanangu, niwekee mbili chini ya kaunta, dada yako anahitimu." Nilimjibu, "Mzee wangu, jina lako nitaliandika kwa mkono wangu mwenyewe, lakini kura ndiyo itakayoamua." Hakufurahi, na jina lake halikutoka. Ningeweza kumwekea na hakuna ambaye angejua, ila mimi ningejua, na daftari lile lisingekuwa na maana tena. Kwa ajili ya watu kama yeye niliomba chupa mbili kati ya zile 24 zisiuzwe bali zifunguliwe, kwa kuwa sheria ya Minnesota inaliruhusu duka la pombe kuonjesha bure kiasi kidogo. Kila chupa ilitoa vionjo kumi. Gharama yake ilikuwa dola 28, na faida ya chupa 22 zilizobaki iliilipia bila shida. Mzee alikuja, akaonja, akaniambia kwamba ladha yake ni ya kahawa iliyoungua na kwamba kwa bei ile heri anunue kreti ya bia ya kawaida.

Kulikuwa pia na ukuta wa upande wa pili. Mwakilishi wa msambazaji mmoja alinieleza kwa mdomo kwamba nikitaka katoni ya tatu nichukue na mzigo wa bia nyingine iliyokuwa imedoda ghalani kwao. Maduka mengi hukubali, kisha hufidia hasara ya bia iliyododa kwa kuipandisha bei ile adimu, na hapo mteja ndiye anayebeba mzigo ambao hakuuagiza. Sheria ya shirikisho ya usimamizi wa vileo ya mwaka 1935 inakataza kumlazimisha muuzaji wa rejareja anunue bidhaa moja ili apate nyingine. Sikugombana naye. Niliandika barua pepe ya heshima nikiomba vigezo vya mgao kwa maandishi, na majibu yaliyokuja yalitaja mauzo yetu ya mwaka uliopita peke yake, bila kugusia mzigo ule. Katoni ya tatu hatukuipata, lakini ankara yetu ilibaki safi, na bei niliyoibandika ilitokana na bia yenyewe.

Wapo wanaoniambia kwamba uhaba wenyewe ni wa kutengenezwa. Wakati mwingine ni kweli, lakini wenye bia wengine wameupigania usiwe chanzo cha unyonyaji. Watawa wa abasia ya Sint-Sixtus huko Westvleteren, Ubelgiji, huuza bia yao kwa wanunuzi binafsi na kuwataka wasiiuze tena. Mwaka 2018 maduka makubwa ya Jan Linders ya Uholanzi yalipoiuza kwa karibu euro 10 chupa, wakati abasia ilikuwa ikiitoa kwa chini ya euro 2, watawa walilalamika hadharani, na mwaka 2019 walihamishia uagizaji kwenye mtandao ili kuwadhibiti wanaonunua kwa ajili ya kulangua. Watawa haohao, mwaka 2012, walipohitaji fedha za kukarabati majengo yao, waliiuza Marekani mara moja kwa dola 84.99 kwa chupa sita na glasi mbili. Bei ilikuwa kubwa, lakini ilitangazwa pamoja na sababu yake, na fedha ilimfikia aliyeitengeneza bia. Mimi naona hakuna mgongano kati ya matukio hayo mawili.

Tumeuendeleza utaratibu huu tangu wakati huo, na umetusaidia hata pale joto la bia fulani lilipopoa. Bourbon County ya Goose Island, kiwanda cha Chicago ambacho Anheuser-Busch ilikinunua mwaka 2011, zamani iliwapanga watu foleni alfajiri ya Ijumaa inayofuata sikukuu ya Shukrani; siku hizi inatufikia kwa wingi wa kutosha na haihitaji kura, kwa hiyo inakaa rafuni kwa hesabu ileile ya robo. Waliokuwa wamezoea kuiuza kwa bei ya kulangua walikwama na chupa ambazo hazitoki.

Sasa mwenye duka anataka tuutumie utaratibu huu kwenye bourbon yenyewe, ambako mambo ni magumu zaidi, kwa maana wiski kama Pappy Van Winkle huuzwa na walanguzi kwa mara kadhaa ya bei anayoipendekeza mtengenezaji, na kishawishi cha chupa moja kinapita cha katoni nzima ya bia. Tumekubaliana kwamba chupa itakayotufikia msimu huu itaandikwa kwenye daftari lilelile na bei yake itapigwa kutoka kwenye ankara. Linalobishaniwa bado ni kama kwa bidhaa ya thamani hiyo robo nzima haijawa nyingi mno. Mimi nimependekeza sehemu ya tano, naye ameomba nimwandalie hesabu.