Besi wa Naivasha: upepo ukianza, mimi ndipo ninatoka

Watu watatu waliniambia kitu kimoja: upepo wa alasiri ukianza Ziwa Naivasha, kunja mshipi urudi nyumbani, yule samaki besi hali tena. Ushauri huo uliniharibia alasiri nyingi na mpaka leo unaniudhi. Besi wangu mkubwa kuliko wote, kilo mbili na ushei, nilimtoa saa tisa na nusu ziwa likiwa limejaa mawimbi meupe.

Samaki huyu mwenye domo pana, aliyeletwa kutoka Marekani mwaka 1929, ni mviziaji. Anajibanza chini ya gugumaji na kungoja. Upepo unamsogezea wadudu na visamaki mpaka ukingoni, na maji yakivurugika besi haoni mshipi wako vizuri. Kwa hiyo tafuta ukingo unaopigwa na upepo. Mimi nilikuwa nakimbilia ule uliotulia, kwa sababu mashua haiyumbi.

Siku ya kwanza kujaribu, tulitoka ufuo wa Kamere, kando ya ziwa. Tulizima injini mita kama kumi kutoka kwenye magugu, nikarusha mbele moja kwa moja. Kabla sijarusha mara ya pili, upepo ulishatubwaga ndani. Mizizi ya gugumaji, myeusi na laini kama nywele, ikajisokota kwenye propela. Nahodha alilala kifudifudi akiichomoa kwa vidole, huku viboko wakikoroma nyuma ya mafunjo. "Mzee wangu, usirushe tena, shika kasia," akaniambia. Nusu saa nzima, na ndoana mbili zikabaki humo.

Safari iliyofuata nilibeba gunia lenye mawe na kamba ndefu. Mashua nilikodi kwa elfu mbili na kitu, ukijua kupatana utalipa pungufu. Tulidondosha gunia mbali, upande upepo unakotokea, kisha tukalegeza kamba kidogo kidogo, upepo wenyewe ukitushusha hadi pembeni mwa magugu. Hapo unarusha sambamba na ukingo, chambo kinapita mbele ya mdomo wa samaki njia nzima. Ncha ya fimbo iinamishe karibu iguse maji, la sivyo upepo utaupinda mshipi kama tanga. Ncha ya ndoana niliificha ndani ya mnyoo wa plastiki isinase mizizi, na chubwi dogo, kile kizito cha kuzamisha mshipi, mbele yake.

Kwenye upepo usingoje kuhisi mvuto mkononi. Tazama mshipi. Wangu ulikuwa umepinda kushoto kufuata upepo, mara ukaanza kukata maji taratibu kwenda kulia. Upepo hauvuti hivyo. Nikakaza.

Nilipompasua jikoni, tumboni mlikuwa na kamba wawili wa maji baridi, wale wekundu walioletwa ziwani mwaka 1970, mmoja bado ana koleo zake zote mbili. Siku hizi minyoo yangu yote ni ya wekundu uliokolea.